Nani Amemuuliza Binti?



Kwenye semina zetu tunaongea sana kuhusu uchumba, usafi wa moyo, na jinsi ya kumjua mwenzi ambaye Mungu amekuandalia. Ni vizuri. Ila kuna binti ambaye hatumzungumzii kabisa, labda kwa sababu hata kwenye semina hayupo. Leo tumtafakari yeye.

Kuna sentensi moja utaisikia huku kwetu, Karagwe na Kyerwa. Utaisikia Nkwenda, utaisikia Omurushaka siku ya gulio, utaisikia hata nje ya kanisa baada ya misa ya pili: "Tushukuru Mungu, na yeye amepata mtu." Inasemwa juu ya binti ambaye hasikii, au ambaye mguu mmoja haukukua sawa na mwingine, au anayeanguka kifafa, au anayechelewa kuelewa mambo. Ana miaka 15, pengine hata hajafika. Mwanaume fulani amejitokeza, mara nyingi mtu mzima, wakati mwingine mwenye mke tayari. Na sentensi inasemwa kwa sauti ya shukrani kabisa, kama mtu anayeshukuru mvua.

Angalia tofauti. Kwa dada yake asiye na ulemavu, ukoo ungekaa kikao. Kijana ni wa nani? Anafanya kazi gani? Amebatizwa? Mahari ni ngapi? Wajomba wangebishana mpaka pombe ya rubisi iishe. Kwa huyu, swali huwa moja tu, tena linaulizwa upande wa pili: "Kweli utamchukua?" Akisema ndiyo, mambo yamekwisha. Mahari inakuwa kidogo au haipo, maana eti ametusaidia.

Sasa swali la leo ni hili. Je, hiyo ni huruma? Mzazi anayemwoza binti yake mwenye ulemavu akiwa bado mtoto, kwa nia ya kumpatia mtu wa kumtunza, amemtendea jema?

Sitaki tulijibu haraka haraka. Ni rahisi kukaa na simu mkononi na kusema "ukatili, ukatili", kisha ukahamia habari nyingine. Wengi wanaofanya hivi si watu wabaya. Wengine ni bibi walioachiwa wajukuu. Mkoa wetu wa Kagera ndio uliogundua wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na vifo vya miaka ile viliacha nyumba nyingi bila kizazi cha katikati: bibi, wajukuu, na migomba. Bibi wa namna hiyo akilala usiku anawaza jambo moja tu: "Nikifa, huyu atabaki na nani?" Hilo ni swali la upendo. Kama hujawahi kumbeba mtu mgongoni kumpeleka kliniki, usilidharau.

Na kuna hofu nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini. Binti anayebaki nyumbani peke yake wakati wengine wako shambani anaweza kuingiliwa na yeyote. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali, ukaonyesha kwamba watoto wenye ulemavu hukumbwa na ukatili karibu mara 4 zaidi ya wenzao. Asiyesikia hawezi kusimulia kwa maneno ya kila mtu. Asiyeona hawezi kumtaja aliyemwona. Mwenye ulemavu wa akili akisema, anaambiwa anaota. Mbakaji anayajua yote haya. Kwa hiyo mama anajiambia: bora awe na mume mmoja kuliko kuwa wa kila mtu.

Umesikia uzito wake? Basi sasa tuangalie kama hoja hiyo inasimama.

Kanisa linatufundisha kwamba nia njema haitoshi kulifanya tendo baya kuwa jema. Tumelisikia katika Katekisimu tukidhani linahusu kuiba mtihani. Linahusu hapa pia. Ili tujue tendo hili ni la namna gani tumwangalie anayetendewa. Na kitu cha kwanza unachokiona ukimwangalia ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

Hili la kuuliza si mambo ya kizungu, kama wazee wanavyopenda kutuambia. Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu amekuja kumposea Isaka, zawadi zimetolewa, kaka na baba wamekwisha kusema hili limetoka kwa Bwana. Hata hivyo, asubuhi mtumishi anapotaka kuondoka, ndugu wanasema: tumwite msichana tumsikie mwenyewe. Wanamwita Rebeka na kumuuliza kama atakwenda na mtu huyu. Anajibu kwamba atakwenda. Huyo ni msichana wa zamani sana, katika ukoo wa wafugaji, na bado kuna mtu aliyesimamisha msafara wa ngamia ili asikie neno lake.

Au twende kwa Bartimayo pale Yeriko. Kipofu, anaomba njiani, kila mtu anajua shida yake. Umati unamwambia anyamaze. Yesu anasimama, anamwita, halafu anamuuliza anataka amfanyie nini. Ukifikiria kibinadamu, hilo ni swali la ajabu! Kipofu atataka nini? Lakini Yesu hakumponya kwa kudhani. Alimwachia mtu mwenye ulemavu aseme shida yake kwa kinywa chake. Sisi huku tunajua anachokitaka binti kabla hata hajafungua mdomo: anataka mume. Nani katuambia?

Hapa huwa kuna mtu ananyoosha mkono: "Lakini Mama Maria mwenyewe alikuwa binti mdogo." Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na kwa kweli inachosha. Injili haitaji umri wa Maria popote. Inachokieleza kwa kirefu ni kwamba aliambiwa wazi mpango wenyewe, akauliza swali lake, akajibiwa, kisha akakubali. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alihubiri juu ya dakika ile akiwaza ulimwengu mzima umesimama ukingojea neno la msichana. Kama Mungu, aliyemuumba, alisubiri jibu lake, baba mdogo anayetaka kupokea mbuzi wawili ana haraka gani?

Kanisa limeliweka jambo hili katika sheria zake. Kanuni 1057 inasema ndoa inafanywa na ridhaa ya wahusika wenyewe, na ridhaa hiyo hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Si baba, si ukoo, si paroko. Kanuni 1103 inaitangaza kuwa batili ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa iliyotoka nje ya mtu. Na kuna nyingine mbili ambazo wengi wetu hatuzijui, mimi nazipenda sana. Kanuni 1104 inasema asiyeweza kusema anaweza kutoa ridhaa kwa ishara zenye maana ile ile. Yaani mikono ya binti kiziwi mbele ya altare ina uzito sawasawa na sauti yako wewe. Halafu Kanuni 1106 inasema ndoa inaweza kufungwa kwa mkalimani, lakini paroko asiisimamie mpaka awe na hakika kwamba mkalimani huyo anaaminika.

Fikiria hapo kidogo. Chukua mfano wa binti kiziwi ambaye hakupelekwa shule. Hajui Lugha ya Alama ya Tanzania. Anajua ishara za nyumbani tu: njoo, kula, chota maji, mbuzi amekata kamba. Anayezielewa ni mama yake. Na mama ndiye aliyepanga ndoa. Sasa mkalimani ni nani? Kwa ishara gani utamweleza binti huyo neno "maisha yote"? Utamwonyeshaje "una haki ya kukataa"? Mpaka pale mtu atakapompa lugha ya kusemea hapana, ndiyo yake haina maana. Na hilo halirekebishwi wiki ya harusi. Lilitakiwa lianze akiwa na miaka 6.

Wapo watakaoniambia kwamba hata sheria ya Kanisa, Kanuni 1083, inataja miaka 14 kwa mwanamke na 16 kwa mwanaume. Kweli, imeandikwa, na tusiifiche. Ila huo ni mpaka wa chini wa uhalali kwa dunia nzima, chini yake hakuna ndoa hata kama askofu mwenyewe yupo. Haisemi kwamba 14 ni umri mzuri. Kanuni hiyo hiyo inawapa maaskofu wa nchi ruhusa ya kuweka umri mkubwa zaidi, na Kanuni 1072 inawaagiza wachungaji wawazuie vijana kufunga ndoa kabla ya umri unaozoeleka katika eneo lao. Mtu anayeishika 14 na kuziacha hizo nyingine anajitafutia mlango.

Upande wa serikali, habari yenyewe ni ndefu, nitaipitia kwa kifupi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na mahakama inaweza kuruhusu hata 14. Tarehe 8 Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi (ndiyo, jina lile lile la Rebeka wa Mwanzo, nami nalipenda hilo), Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka 1 kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ule mwaka 1 umepita mara kadhaa. Na katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, karibu wanawake 3 katika kila 10 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuishi na mwanaume kabla ya kufika 18.

Lakini angalia jinsi binti wetu anavyopita katikati ya matundu. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezewa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Watu wanaiogopa sheria hiyo, hata vijijini. Wanaume wenyewe wanakwambia "yule ni mwanafunzi, miaka 30 hiyo". Vizuri sana. Na yule ambaye hajawahi kuandikishwa shule? Jina lake halipo kwenye daftari la mwalimu. Shule ya kata haina mwalimu wa viziwi, na shule maalumu iko Mugeza, Bukoba, mbali na mfuko wa bibi. Kwa hiyo amebaki nyumbani, na kwa kubaki nyumbani amepoteza ulinzi ambao mwenzake ameupata kwa kuvaa sare tu. Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu kuwa ni ubakaji kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 hata kama "alikubali", isipokuwa kama ni mke mwenye miaka 15 au zaidi. Yaani kitendo kile kile, binti yule yule, lakini kikao kimoja cha jioni kinageuza jinai kuwa haki ya mume.

Kisha niambie, daftari la mafundisho ya komunyo ya kwanza lina jina lake? Kanuni 777 inamwagiza paroko ahakikishe wenye ulemavu wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Katika jumuiya nyingi mzazi mwenyewe anasema "huyu hawezi kuelewa", na katekista anaitikia, anaendelea na wengine. Shule haimjui. Parokia haimjui. Akihamia kwa mwanaume usiku, hakuna daftari litakaloonyesha pengo. Na ndoa zenyewe za namna hii hazifiki kanisani hata kidogo, hakuna matangazo ya Dominika tatu, hakuna wa kuuliza kizuizi.

Wakulima wa kahawa wanaijua butura. Una shida ya fedha, kahawa bado iko kwenye maua, anakuja mtu na noti mkononi, unamuuzia zao lililoko mtini kwa bei anayotaka yeye. Unatatua shida ya leo, na siku ya mavuno gunia si lako. Serikali imeipiga marufuku, vyama vya ushirika vinaikemea, na kila mzee atakueleza jinsi inavyofukarisha. Mimi naiona butura katika jambo hili. Binti bado ni ua. Ana mambo ambayo hata sisi hatuyajui: huenda angeshona, angefuga, angesali kwa mikono yake na kutufundisha kusali, angempenda mtu. Tunamkabidhi mapema kwa sababu sisi tuna shida leo. Mfano huu una kasoro, najua, kwa sababu kahawa hata ikiiva bado ni ya kuuzwa, na binti hata akiiva si wa kuuzwa. Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, aliandika mwaka 1960 kitabu kizima, Upendo na Uwajibikaji, akitetea jambo hilo: mtu kamwe hawi chombo cha kutimizia haja ya mwingine. Hata kama haja hiyo ni usingizi wa bibi.

Turudi basi kwa bibi, maana hatujamjibu bado. "Nikifa atabaki na nani?" Ukimwambia tu "usimwoze", umemwachia mzigo wake ukaenda zako.

Kwanza, mume huyo si jibu la hofu yake. Mwanaume aliyemchukua binti kwa sababu hakuna mwingine anayemtaka, na kwa sababu hawezi kulalamika, hamtunzi. Anamtumia kulima na kulala, na siku atakapochoka hakuna mahari ya kudai wala cheti cha kuonyesha. Binti anarudi na mtoto mgongoni, kama amepona uzazi wa utotoni. Bibi sasa ana wawili.

Pili, hebu tumwangalie Mefiboshethi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9. Mwana wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili tangu utotoni, baba amekufa, babu amekufa, amejificha kwa watu. Daudi anamtafuta. Na anampa nini? Anamrudishia ardhi yote ya babu yake Sauli, anamwagiza Siba na wanawe wamlimie, na anampa nafasi ya kudumu mezani pake. Ardhi, watu wa kumsaidia kuilima, na meza. Hakumtafutia mtu wa kumchukua.

Sasa sisi, kibanja cha baba kinakwenda kwa nani? Tunajua sote. Kwa watoto wa kiume, na binti aende "kwake", yaani kwa mume. Mimi naamini hapa ndipo penye mzizi, kuliko hata ujinga au umaskini tunaousema kila siku. Kama binti hana haki ya hata mgomba mmoja, basi kweli mume ndiye njia pekee ya kula, na mwenye ulemavu, ambaye wanaume hawampangii foleni, atakabidhiwa kwa wa kwanza. Tumemfungia milango yote, kisha tunashangaa kwamba ametokea dirishani.

Na mlango huo ulikwisha kufunguliwa hapa hapa Kagera. Mwanamke wa Muleba, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Sheria za ardhi za 1999 zikaitambua haki hiyo. Kinachonigusa mimi katika kesi ile ni mwanzo wake: kulikuwa na baba aliyeketi akaandika wosia kwa ajili ya binti yake. Baba au bibi wa Kyerwa anaweza kufanya hivyo wiki hii, mbele ya mashahidi, na kumtaja ndugu atakayelima naye kwa makubaliano. Huo ni utunzaji usiohitaji kumlaza mtoto kitanda kimoja na mtu mzima.

Kuna wasiwasi mmoja nataka niuseme kabla ya kumaliza, maana nauona kwa watu wenye nia njema kabisa. Wakishasikia haya wanahitimisha kwamba mwenye ulemavu asiolewe. Hapana, jamani! Hilo ni tusi la pili juu ya lile la kwanza. Dada asiyeona, mwenye miaka 25, aliyependa na kupendwa, aje parokiani kama wengine, atangazwe, avae shela, tumwimbie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataja haki hiyo pamoja na ridhaa huru. Wote wawili, yule anayemwoza mtoto na yule anayemkataza mtu mzima, wamefanya jambo lile lile: wameamua badala yake.

Sisi vijana wa VIWAWA tunaingia nyumba nyingi kuliko paroko. Tunajua nani amefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Ukisikia kikao kinapangwa, mtendaji wa kijiji yupo, afisa ustawi wa jamii yupo, dawati la jinsia polisi lipo, na namba 116 ya simu ya mtoto haikukati salio. Na kwa ndoa zinazofika kanisani, Kanuni 1069 inakulazimisha wewe muumini, si paroko peke yake, kueleza kizuizi unachokijua.

Wiki ijayo kwenye jumuiya, katekista atakapopita kuandika majina ya watoto wa mafundisho, msaidieni kuhesabu. Nyumba hadi nyumba. Katika nyumba yenye watoto 6 akiandikiwa 5, muulizeni mama, kwa heshima na kwa upole: "Shikamoo mama. Na yule mwingine, anaitwa nani?"